Nambari Mia na Moja

Kariobangi South,
Jumanne, 6 Juni 1995

Ndugu yangu Mativo,

Salamu zako zilifika kwa mkono wa dada yako Kavindu, ahsante, lakini leo sina mdomo wa kusalimiana. Nimesimamishwa kazi. Ndiyo, mimi Asenath Andati, niliyekuwa nikifungua ile ofisi ya kanisa ya kitabu cha nyimbo kabla hata viti havijaletwa. Kaa chini nikueleze, kwa sababu wewe ndiwe fundi uliyezifunga kompyuta zetu, na hapa Nairobi sijapata mwingine anayeujua huo mfumo wa Tindra tulioletewa na wafadhili. Nimeuliza mpaka mjini. Wananitazama kama mtu aliyeulizia bei ya nyama ya twiga.

Unazikumbuka zile nyimbo za kwanza, kuanzia ya kwanza mpaka ya arobaini na moja? Nilizipiga chapa mimi, kutoka kwa kina mama wa kwaya, za Kinyore zote. Zilikaa kwenye mashine ya stoo kama nyimbo zingine zote, nasi tukizifungua kutoka mezani kwetu kupitia waya. Nikaendelea na za mbele, sikuzigusa tena. Jumatatu ile ya tarehe 29 Mei nikazifungua nizitoe kwenye karatasi. Haki ya Mungu, Mativo, hazikuwa zangu! Ni nyimbo zingine kabisa, za Kibukusu, chini ya nambari zangu zile zile. Nikasema mashine imeingiwa na wazimu. Nikachukua disketi yangu ya akiba, nikairudisha kazi yangu mahali pake, nikaenda kunywa chai.

Kumbe zilikuwa za Mzee Mulongo, yule mwalimu mstaafu aliyeanza kazi nasi mwezi wa tano, ukamfungia mashine yake wiki chache kabla ya kwenda zako Eldoret. Alikuwa amekaa wiki tatu akiziandika moja kwa moja kwenye mashine, bila karatasi. Ni nyimbo alizoimbiwa na mama yake, na mama mwenyewe alishazikwa miaka mingi. Aliporudi hakukuta hata mstari mmoja. Alilia, Mativo. Mzee wa miaka sabini alilia mbele yetu na hatukujua tutazame wapi.

Kamati ya kanisa ikaja. Mwenyekiti akasoma kwenye kioo cha mashine yangu: faili arobaini na moja, mwenyewe ni "asenath". Wakaenda kwenye mashine ya stoo: "asenath". Kwenye hizo mbili hakuna hata mahali pamoja panapoonyesha kwamba Mzee aliwahi kuzigusa. Sasa wanasema niliichukua kazi ya mzee nikaivisha jina langu, kisha nikaifuta kwa sababu si ya lugha ya kwetu. Ati nilimdharau. Na Jumapili wakatangaza kanisani niombewe. Niombewe! Nikiwa nimekaa pale pale, safu ya tatu.

Wamenipa barua iliyoandikwa tayari: "Nakiri kwamba niliiba kazi ya Mzee na kuiharibu kwa makusudi, na ninaomba radhi." Nikitia sahihi kabla ya Jumapili tarehe 25, narudi kazini. Nisipotia, kazi imekwisha na kwaya imekwisha. Sitatia. Kufuta nilifuta, na nililisema mbele yao wote, lakini sikujua ni za nani, na sikuiba kitu cha mtu. Niambie ni nini kinachoweza kuifanya kazi ya mtu mwingine ivae jina langu.

Ni mimi,
Asenath, Mama Gordon


Eldoret,
Jumatatu, 12 Juni 1995

Mpendwa Mama Gordon,

Pole sana. Barua yako ilinikuta nikitoka kazini, nikaisomea barabarani. Huku kiwanda cha nguo ni kikubwa, kompyuta ziko kumi na mbili, na meneja hataki mchezo. Baridi ya Eldoret nayo usiseme.

Juu ya lile jambo, mimi nakushauri kama mdogo wako: tia sahihi yaishe. Ni karatasi tu. Mzee ni mtu mpole, baada ya mwezi mmoja atakuwa amesahau, na Gordon atakuwa amelipiwa muhula. Mashine huonyesha jina la aliyeandika, hilo siwezi kulipinga. Pengine uliinuka kitini bila kufunga kazi, mtu akakalia. Mambo kama hayo hutokea.

Jambo moja nawaomba. Mtu yeyote asiguse mashine ya Mzee, hasa orodha ya majina iliyomo. Mfumo wa Tindra ni mgumu, mnaweza kuharibu zaidi. Mzee Mulongo ndiye aliyeniandikia, kabla hata hajaanza kazi hapo, barua njema iliyonipatia kazi hii, kwa hivyo usinielewe vibaya nikisema sitaki asumbuliwe.

Nisalimie Mukhwana hapo ofisini na kina mama wote.

Wako,
Mativo


Kariobangi South,
Ijumaa, 16 Juni 1995

Mativo,

Ushauri wako nimeusoma, nikausoma tena, kisha nikaukunja nikauweka chini ya mguu wa meza yangu inayoyumba. Sasa meza imetulia, angalau umenisaidia hapo.

Karatasi tu! Wewe unajua karatasi hiyo itakaa wapi? Kwenye faili la kanisa, na mtoto wangu atakapotaka kuoa hapa mtu ataifungua asome kwamba mama yake alikiri wizi. Nimekataa. Jana mama mkwe ametoka Bunyore kuja kunibembeleza. Nimempikia kuku, nimemsikiza mpaka mwisho, nimempa nauli ya kurudi, na bado nimekataa. Wenzangu wa kwaya wakinipita njia ya kwenda Light Industries wanaanza kukagua viatu vyao. Wakague.

Sasa nisikize. Nimefungiwa mlango, lakini Mukhwana bado anapiga chapa mle ndani kwenye mashine tuliyokuwa tukigawana, na yeye ni Mbukusu kama Mzee, kwa hivyo hakuna atakayesema tumekula njama. Aliniambia hivi: "Siz, hiyo mashine ni noma. Nyimbo za Triza hazina jina siku hizi, zina namba." Unamkumbuka Triza aliyeolewa Kakamega, ukamwondoa kwenye orodha? Mukhwana anasema mahali palipokuwa na jina lake sasa pameandikwa 103.

Nimelala na hilo siku mbili. Jina la Triza limeondoka, lakini nyimbo zake bado zina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni 103. Basi nauliza, mimi mpiga chapa tu: kwani mashine ya stoo inatujua kwa majina, au inatujua kwa nambari, halafu majina yanapakwa juu tukitazama? Na kama yanapakwa, ni nani anayepaka, na anapakia wapi?

Na swali la pili. Nilikuuliza juu ya jina langu, wewe ukanijibu juu ya mashine ya Mzee. Mimi sikuitaja hiyo orodha yake. Kwa nini uliitaja wewe?

Nataka jibu kabla ya Jumamosi ya tarehe 24. Usinipige chenga, Mativo. Nimekulisha ugali wangu mwaka mzima.

Asenath Andati


Eldoret,
Jumanne, 20 Juni 1995

Mama Gordon,

Hii naituma kwa basi ili ifike upesi. Atakayeileta ni kondakta mmoja mrefu, jina lake Chege, umngoje stendi Alhamisi saa kumi.

Umeuliza vizuri kuliko mafundi wengi. Ni kweli. Waya haubebi majina. Unapoandika kitu kutoka mezani kwako, mashine yako inaituma nambari yako stoo, na stoo inaandika nambari tu. Halafu kila mashine ina orodha yake yenyewe ya nambari na majina. Unapotazama faili, ni mashine iliyo mbele yako inayochukua nambari na kukusomea jina kutoka kwenye orodha yake. Orodha zikifanana kila mahali, mambo yanakwenda sawa. Zikitofautiana, mtu mmoja anaweza kuonekana ni mwingine.

Mkitaka kuona nambari badala ya majina, mwambie Mukhwana aandike ile amri ya kuorodhesha na aongeze herufi n. Afanye hivyo kwa mashine zote tatu.

Sijui ni nani angeweza kubadilisha orodha. Ilibadilishwa labda na stima kukatika. Nina kazi nyingi, naishia hapa.

Mativo


Kariobangi South,
Jumapili, 25 Juni 1995, jioni

Mativo,

Jana nilikwenda ofisini saa tatu asubuhi nikasimama mlangoni. Nikamwambia Mwenyekiti nimeleta kalamu yangu, lakini sahihi nitaitia mle ndani, mbele ya mashine, kamati nzima ikiwepo, au sitii kabisa. Akafurahi. Alidhani nimelegea. Akaagiza soda hata!

Walipokaa wote saba nikasimama katikati ya chumba, mikono nimeinua juu hivi, nikasema, "Mimi leo sigusi kitu. Naomba Mzee aandike neno moja kwenye mashine yake." Mwenyekiti akasema hatukuja kwa mchezo. Mzee Mulongo akasema, "Acha nimsikize binti." Akakaa mezani kwake, akaandika faili mpya, polepole na kidole kimoja: Leo ni Jumamosi. Mukhwana akaiorodhesha pale pale. Kioo cha Mzee kikasema mwenyewe ni "mulongo". Nikauliza kama wote wameona. Wameona.

Nikasema twendeni kwa yangu. Hatua sita tu. Mukhwana akaiorodhesha faili ile ile, Leo ni Jumamosi, ambayo mwandishi wake alikuwa bado ameshika miwani mkononi. Kioo kikasema "asenath".

Mweka hazina akasema rudia. Ikarudiwa, "asenath". Wakaenda stoo, "asenath". Ndipo Mukhwana akaongeza ile herufi n, na kila mahali ikatokea 101. Kwenye orodha yangu na ya stoo, 101 ni mimi, na Mzee ni 104. Kwenye orodha ya Mzee, 101 ni Mzee mwenyewe, mimi nimesukumwa 102 na Mukhwana 103. Kwa stoo, mimi na Mzee tumekuwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza.

Mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Kwa hivyo zile faili za mwanzo nilizozitumia, arobaini na moja, zenye jina langu?" Nikamwambia zilikuwa zangu, Mzee, mashine yako ilikusomea vibaya. Akasema, "Mativo aliniambia yenye jina langu ni yangu, niandike nisiogope, na yenye jina la mwingine nisiguse hata nikiona kosa. Nilidhani nimetengewa nafasi. Nikafuta yaliyokuwamo nikaandika yangu." Alifuata sheria yako neno kwa neno. Mimi pia niliifuata. Tuliheshimiana mpaka tukafutana.

Halafu akaniuliza kama kuna disketi yoyote yenye nyimbo zake. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nikasema hapana, Mzee, nilizifuta mimi, na nimekuja kukuambia pole kwa hilo moja, si kwa yale yaliyoandikwa kwenye barua.

Mwenyekiti sasa anataka amani. Anasema itangazwe kwamba mashine ilikosea, mimi nirudi kesho, tusahau. Nimekataa pia. Stima haipangi watu kwa nambari, Mativo. Stima haimtoi mwanamke juu ikamweka mzee pale pale, nafasi moja moja, kwa utaratibu. Mukhwana alitazama tarehe ya ile orodha ya Mzee: Jumanne, 2 Mei, saa nane mchana. Siku hiyo Mzee alikuwa bado hajui kuiwasha, na aliyekuwa na neno la siri la kuingilia orodha alikuwa mtu mmoja.

Ni wewe. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza. Uliniambia nikiri wizi ukijua sikuiba! Andika kwa mkono wako ulichofanya, na uandike kwa nini. Nangoja.

Asenath Andati


Eldoret,
Alhamisi, 29 Juni 1995

Dada Asenath,

Ni mimi. Tangu barua yako ifike nimetafuta uongo mwingine nikaukosa.

Siku ile ya tarehe mbili nilikuwa nimempa Mzee nambari 104, kama ilivyokuwa stoo, kwa sababu ndiye aliyekuja mwisho. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, akaiona orodha kwenye kioo. Akasema, "Mzee wa watu unamweka chini ya wasichana wa kupiga chapa? Hata uji, mtu mzima hapewi wa mwisho." Wenzake wa kamati wakacheka, na mimi nikaona aibu. Kwetu Kitui mkubwa ndiye anayenawishwa kwanza, ndivyo nilivyolelewa, na nilijiona nimemkosea Mzee adabu mbele ya watu. Nikamweka juu, nikawashusha ninyi. Mwenyekiti akanipiga bega akasema sasa umekuwa kijana.

Nilijua lazima orodha zote zifanane. Wallahi nilijua, ndiyo kazi niliyosomea. Nikajiambia nitazipanga za stoo na yako kesho yake. Kesho yake ikaja barua ya kazi ya huku, nikaanza kufunga mizigo, nikasahau. Barua yako ya kwanza ilipofika nilielewa yote kabla sijafika mstari wa mwisho, na nikaogopa. Nilikuambia utie sahihi ili nisitie mimi.

Nisamehe. Nitakuja siku yoyote mnayotaka nitengeneze, bila malipo. Naomba jambo moja tu: usiwasomee kamati barua hii. Meneja wangu huku ni shemeji ya Mwenyekiti, na bado niko kwenye miezi ya majaribio. Waambie mimi ndiye niliyekosea, inatosha, lakini hii barua ichome.

Mdogo wako,
Musyoka Mativo


Kariobangi South,
Jumatatu, 17 Julai 1995

Musyoka Mativo,

Barua yako niliisoma kwa kamati. Yote, neno kwa neno, na pale uliponiomba nisiisome nikapasoma pia. Nilipofika kwenye uji, Mwenyekiti alikohoa mpaka akaletewa maji. Mzee Mulongo akamgeukia akamuuliza, "Kwani mimi nilikuomba unipandishe?"

Jumapili ya tarehe tisa tangazo lilitolewa kanisani, mahali pale pale nilipoombewa. Nililiandika mimi, kwa sababu lao lilikuwa na maneno mengi ya kuzunguka. Mwenyekiti alisoma kwamba Asenath Andati hakuiba wala hakumdharau mzee, kwamba mashine ilifanya kama ilivyoamriwa, na kwamba kamati ilihukumu kabla ya kuuliza. Alijaribu kuimeza sehemu ya mwisho. Nikasimama. Nilisimama hivyo hivyo safu ya tatu mpaka aliporudia kwa sauti, ndipo nikakaa. Baadaye kina mama wakanizunguka nje, sasa wote ati walijua tangu mwanzo. Unafiki wa watu hawa! Lakini niliwasalimia, na kwaya nimerudi.

Usije kutengeneza. Nimetengeneza. Neno la siri uliliacha ulipohama kwenye bahasha kwenye droo ya Mwenyekiti, nikalidai mbele ya mashahidi. Mimi na Mukhwana tulipiga nambari zote nne kwenye karatasi, tukailinganisha orodha ya Mzee na ya stoo mstari kwa mstari, kisha tukajaribu mpaka kila mtu akaandika na kuonekana kwa jina lake kwenye mashine zote. Mzee ni 104. Nilimuuliza kwanza kama ni vibaya. Akaniambia nambari si kiti, na kwamba akitaka heshima anajua pa kuipata. Neno la siri nimelibadilisha, na hulijui. Kuhusu kazi yako huko, hayo ni ya Mwenyekiti na shemeji yake. Mimi sikumwandikia mtu Eldoret, na sitamwandikia.

Sasa nikueleze tunachofanya karibu wiki mbili hizi. Kila siku baada ya chai ya saa nne Mzee anavuta kiti mpaka kwenye meza yangu, anafunga macho, anaimba, nami napiga chapa. Mimi na Kibukusu wapi na wapi! Namsimamisha kila mstari. Ananifokea kwamba Wanyore tumezibwa masikio, namwambia Wabukusu mnaimba kama mnaita ng'ombe, anacheka, anaanza upya. Ana sauti bado. Mukhwana huacha kazi yake kusikiza, nami sijifanyi kumkataza.

Tumepata thelathini na nane. Ijumaa tulikaa tangu asubuhi tukitafuta zilizobaki. Anakumbuka kwamba mama yake aliziimba akisaga wimbi la uji, anakumbuka hata kanga aliyokuwa amejifunga, lakini maneno hayaji. Alijaribu, akarudia, akagonga meza kwa vidole. Mwisho akaniambia, "Mwezi wa tano nilikuwa nazo. Nilikuwa nimezivua zote zikatoka, nikasema sasa ziko salama, naweza kuzisahau." Akavaa kofia yake akaenda nyumbani.

Nilizifuta mimi kwa mkono wangu, na hilo nitakaa nalo. Lakini wewe ulijua, na ulikuwa na siku nyingi za kusema, wakati kichwa chake kilikuwa bado na joto la zile nyimbo. Kazi yangu nimeirudisha. Jina langu nimelirudisha, na hakuna aliyenipa bure. Nyimbo tatu za mama wa watu hazirudi.

Unaomba nikusamehe. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakuandikia.

Asenath Andati